Amana ya Nakala

Mtu huandika nakala kwa kuwa hauamini ulimwengu. Karatasi huliwa na mchwa, wino hufifia, nyumba huungua, na mwenye kukumbuka hufa. Kwa hiyo tangu zamani mwenye hati ya thamani alijilinda kwa hati ya pili, na aliyejaliwa uwezo aliongeza ya tatu. Hekima hii ni njema wala sikusudii kuipinga. Lakini hati ya pili, pamoja na kuleta salama, huleta swali ambalo hati ya kwanza haikuwa nalo: siku zitakapohitilafiana, ipi itasadikiwa? Mwenye hati moja huogopa kupotewa. Mwenye hati mbili huogopa kupotewa, na zaidi ya hayo huogopa kudanganywa. Nataka kusimulia jinsi swali hili lilivyonijia, jinsi nilivyolijibu kwa ujinga, na hasara iliyofuata.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Shahada yangu ya uzamivu niliipata kwa kulinganisha hati za tenzi za kale, ubeti kwa ubeti na neno kwa neno, nikitafuta mahali ambapo mkono wa mnakili mmoja uliachana na mkono wa mwingine. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya hati kama hizo, ambayo orodha yake J. W. T. Allen aliichapisha mwaka 1970. Na kila aliyepata kukaa mbele ya hati mbili za utenzi mmoja anajua kuwa hakuna mnakili asiyekosea, wala hakuna kosa lisilo na sababu. Ningalidhaniwa, basi, kuwa mtu wa mwisho kuteleza katika jambo la nakala. Walakini mjuzi wa jambo moja aghalabu ni mjinga wa jambo lililo jirani yake, na ujinga huu wa jirani ni mbaya kuliko ujinga wa mbali, maana huvaa nguo za ujuzi.

Miaka kadhaa iliyopita tulianza kukusanya msamiati wa mafundi wa vyombo vya baharini. Kazi ilikuwa na haraka. Mashua za plastiki na injini zimeingia, na wazee wanaojua kuunda jahazi tangu mkuku hadi ncha ya foromali wanapungua mwaka hata mwaka. Fundi anapokufa hafi peke yake. Hufa na maneno ambayo hayakupata kuandikwa na mtu, na matumizi ya maneno ambayo makamusi huyataja kwa ufupi tu. Tulimpata mzee mmoja katika kisiwa kimoja cha pwani yetu, fundi mtoto wa fundi, mpole wa sauti na mkali wa maana. Hakukubali neno liwekwe mahali pa jirani yake. Ukisema henza ilhali wakusudia jarari, alikunyamazia mpaka ujisahihishe, ukitaja joshi na demani kama kwamba ni majina tu ya kamba, alitabasamu kwa huruma, akasema, "Mwanangu, hayo ni maneno ya upepo kwanza. Kamba imekuja baadaye."

Tulikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikaa ofisini kwetu bara, nami niliitumia. Ya pili ilikaa katika chumba cha kupanga karibu na gati la kisiwani, mikononi mwa kijana wetu msaidizi, ambaye kila alasiri alikwenda kwa mzee au mzee alikuja kwake. Mashine hizi ziliunganishwa kwa intaneti. Kila saa programu ndogo ililinganisha mafaili ya kamusi katika pande zote mbili, na pale ilipoona tofauti ilitazama ni faili lipi lililobadilishwa mwisho, kisha ililinakili juu ya lile la kwanza. Sheria yake ilikuwa fupi: jipya lafuta kuukuu. Niliipenda sheria hiyo kwa ufupi wake. Wala sikujiuliza programu inajuaje lipi ni jipya.

Kijana mwingine, fundi wa kompyuta wa idara, alinionya mapema. "Mwalimu," alisema, "mashine mbili hazitoshi. Tuongeze ya tatu, hata iwe ndogo." Nilimwuliza ya tatu itaandika nini ambacho mbili hazikuandika. Akajibu, "Haitaandika neno lake, Mwalimu. Itashuhudia." Nilicheka. Fedha zilikuwa kidogo, nami niliona ni anasa kumlipa shahidi asiye na neno la kusema. Fedha zile nilizitumia kununulia rafu ya vitabu.

Ikaja masika. Usiku mmoja upepo ulivunja nguzo kisiwani, umeme ukazimika, na mawasiliano ya intaneti yakakatika. Umeme ulirudi siku ya tatu. Intaneti haikurudi mpaka siku ya tisa. Katika siku zile za upweke mzee, ambaye alikuwa mgonjwa kwa muda, alipata nafuu. Aliomba asomewe maneno yote aliyotupa tangu mwanzo. Kwa alasiri tatu msaidizi alimsomea, na mzee alisahihisha. Hapa aliongeza, pale alipunguza, na mahali pengine alisema kuwa tulimfahamu kinyume kabisa. Kinasa sauti hakikutumika, kwa kuwa betri zake zilikwisha katika siku za giza. Msaidizi aliandika yote katika kompyuta yake, moja kwa moja, kwa vidole vyepesi vya vijana.

Lakini ndani ya kompyuta ile kulikuwa na betri nyingine, ndogo kama kifungo cha kanzu, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme umezimwa. Betri ile ilikuwa imekufa bila ya mtu kujua. Umeme ulipokatika saa nayo ilisahau. Na umeme uliporudi ilishika tarehe iliyowekwa kiwandani, miaka mingi nyuma. Kwa desturi mashine huuliza saa sahihi kwa njia ya mtandao, lakini mtandao haukuwapo. Kwa hiyo masahihisho ya mzee yaliandikwa mwezi huu na kutiwa tarehe ya zamani. Msaidizi hakuiona tarehe hiyo. Ni nani atakayetazama pembe ya kioo wakati mzee anasema?

Na mimi bara nilikuwa nikifanya nini? Nilikuwa na siku chache za utulivu, nikaketi kuyasafisha mafaili yale yale. Nilitia koma hapa, nikaondoa nafasi mbili pale, nikageuza herufi kubwa kuwa ndogo. Sikuongeza wala kupunguza maana hata moja. Siku ya tisa intaneti ilirudi. Programu iliamka, ikalinganisha, ikaona kuwa vidahizo 37 vimebadilishwa pande zote mbili. Vya kwangu vilikuwa na tarehe ya wiki ile; vya kisiwani vilikuwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Sheria ilikuwa wazi, na hukumu ikapita kwa muda usiotimia dakika moja. Hakuna kengele iliyolia, hakuna onyo lililotokea. Kila mashine iliandika kuwa kazi imekamilika na kuwa nakala zote ni sawasawa. Na kwa hakika zilikuwa sawasawa. Zote mbili zilikuwa na koma zangu, wala hakuna hata moja iliyokuwa na maneno ya mzee.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo mzee alifariki. Tulikwenda kuzika. Siku ya tatu ya matanga msaidizi alitaka kuwasomea watoto wa marehemu yale masahihisho ya mwisho, akafungua kompyuta, na hapo ndipo tulipojua. Nilimwona akipanda na kushuka katika kioo kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango si wake. Programu haikuwa na desturi ya kuhifadhi toleo lililofutwa. Katika daftari la mfukoni la msaidizi tulipata vidokezo vya vidahizo 11. Vilivyosalia 26 havikuwa na athari mahali popote duniani, isipokuwa katika kumbukumbu ya kijana aliyekuwa akiandika kwa haraka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali yetu ilikuwa na daftari mbili, ikapotea bila habari vile vile.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini mjukuu akishakuja, haifai kumfukuza bila ya kumsikiliza. Nilimwendea fundi wetu wa kompyuta, nikamwomba anifundishe. Hakuniambia kuwa alinionya. Adabu yake ilinichoma kuliko lawama. Alinipa maandishi ya kusoma, nami nikayasoma jioni nyingi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Niliona ya kuwa swali langu lilikuwa na historia ndefu, na kuwa watu wenye akili kubwa walilihangaikia kabla yangu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuwa saa si shahidi mwaminifu. Mwaka 1978 Leslie Lamport, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alichapisha makala yaliyoonyesha kuwa mpangilio wa matukio katika mashine zilizo mbalimbali hauhitaji kutegemea saa ya ukutani. Tukio moja hutangulia jingine ikiwa yote mawili yalitukia katika mashine moja, hili kabla ya lile. Au ikiwa la kwanza ni kupeleka ujumbe na la pili ni kuupokea ujumbe ule ule. Na kutokana na hayo mawili twaweza kuunga mnyororo mrefu wa mtangulizi na mfuasi. Lakini matukio mawili ambayo hayakuunganishwa na mnyororo wowote hayana la kwanza wala la pili. Yamekaa sambamba. Saa zaweza kusema hili lilikuwa saa nne na lile saa tano. Walakini hakuna mmoja kati ya watendaji aliyekuwa na njia ya kumjua mwenzake.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Koma zangu na maneno ya mzee zilikuwa sambamba. Sikujua alilolisema, naye hakujua nililolitenda. Bahari ilikuwa baina yetu na kamba ya mawasiliano ilikuwa imekatika. Programu iliuliza, "Lipi ni la mwisho?" Swali hilo halikuwa na jibu la kweli, hata kama saa zote mbili zingalikuwa nzima. Laiti saa ya kisiwani ingalikuwa sahihi, huenda maneno ya mzee yangalishinda na koma zangu zingalipotea, nami nisingalihuzunika; lakini huo ungalikuwa ni bahati tu, si haki. Mwaka mwingine ningaliweza kuwa mimi mwenye maneno ya thamani na mwingine mwenye koma.

Dawa ya ugonjwa huo ilijulikana zamani. Mwaka 1983 D. Stott Parker na wenzake walieleza njia ya kugundua hitilafu za namna hii. Kila faili lichukue hesabu, si ya saa, bali ya mabadiliko yaliyofanywa na kila mashine. Tuseme kabla ya tufani kidahizo kimoja kilikuwa na hesabu ya bara 4, kisiwa 6. Mimi nikatia koma, hesabu yangu ikawa bara 5, kisiwa 6. Mzee akasahihisha mara tatu, hesabu yake ikawa bara 4, kisiwa 9. Sasa mtu yeyote ajuaye kuhesabu na azitazame hesabu hizi. Ya kwanza inaishinda ya pili upande wa bara. Ya pili inaishinda ya kwanza upande wa kisiwa. Hakuna iliyo mrithi wa mwenzake. Basi programu yenye adabu haifuti lolote. Huyaweka yote mawili na kumwita mwanadamu aje kuamua. Hesabu mbili tu, zisizozidi nafasi ya herufi chache, zingaliyaokoa maneno ya mzee.

Jambo la pili nililojifunza ni maana ya shahidi wa tatu. Kuna mambo ambayo hayavumilii matoleo mawili. Fedha iliyo katika akaunti haiwezi kuwa imetolewa upande huu na bado ipo upande ule. Na katika kazi yetu, namba ya kidahizo haiwezi kupewa maneno mawili. Katika mambo hayo ni lazima mashine zikubaliane kabla ya kuandika. Mwaka 1979 David Gifford alieleza kanuni ya kura. Ikiwa nakala ni tatu, anayeandika na apate kibali cha mbili, na anayesoma naye aulize mbili. Mbili na mbili ni nne, na nne inazidi tatu. Kwa hiyo walioulizwa na msomaji hawawezi kukosa angalau mmoja aliyekuwapo wakati wa kuandika. Hii ndiyo akidi. Baraza zetu zaijua tangu zamani: mkutano wa walio wengi hauwezi kupingwa na mkutano mwingine wa walio wengi, kwa kuwa lazima pawe na mtu aliyehudhuria yote miwili.

Sasa tazama mashine mbili. Walio wengi katika wawili ni wawili. Kamba ikikatika, kila mmoja amebaki peke yake, wala hawezi kujua kama mwenzake amekufa au ni njia tu iliyozibwa. Ukimya wa maiti na ukimya wa aliye mbali husikika sawasawa. Wote wawili wakinyamaza, kazi imesimama. Wote wawili wakiendelea, kila mmoja atajiona ndiye mwenye amri, na nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini akiwapo wa tatu, upande mmoja utakuwa na wawili na utaendelea. Upande wa pili utakuwa na mmoja, naye atajua kuwa hana haki ya kuamua. Ndiyo maana fundi wetu alisema ya tatu itashuhudia. Nilimcheka mtu aliyeniletea akidi.

Lamport aliligeuza jambo hili kuwa hadithi. Alisimulia juu ya bunge la kubuni katika kisiwa cha Ugiriki kiitwacho Paxos, ambamo wajumbe huingia na kutoka wapendavyo, kila mmoja na daftari lake, na hata hivyo madaftari hayapingani kamwe juu ya sheria zilizopitishwa. Aliyapeleka makala hayo kwa wachapishaji mwaka 1990, yasitoke mpaka mwaka 1998. Baadaye, mwaka 2014, Diego Ongaro na John Ousterhout wa chuo kikuu cha Stanford walitoa njia nyingine iitwayo Raft, wakikusudia ifahamike kwa urahisi zaidi. Katika njia yao mashine huchagua kiongozi kwa kura, na kila uchaguzi una namba ya muhula. Mpiga kura hupiga mara moja tu katika muhula mmoja, wala hampi kura mgombea ambaye daftari lake liko nyuma ya lake. Kiongozi wa zamani aliyekatiwa njia, akirudi na kusikia namba ya muhula iliyo kubwa kuliko yake, huvua kilemba bila ya kubishana. Nilitamani tabia hiyo ingalipatikana mahali pengi zaidi kuliko katika mashine.

Jambo la tatu lilikuwa chungu, nalo ni kuwa dawa hizi zina bei. Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa rai kwamba mtandao unapogawanyika, haiwezekani nakala zote ziwe sawa na wakati huo huo kila mashine iendelee kumjibu kila anayeuliza. Na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch waliithibitisha rai hiyo kwa hoja za hesabu. Mtu na achague. Ama anyamaze mpaka njia ifunguke, ama aseme na akubali kuwa huenda mwenzake anasema vingine. Wala mgawanyiko si jambo la vitabuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilizolala chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Wala si sisi peke yetu. Tarehe 21 Oktoba 2018 mawasiliano ndani ya mtandao wa GitHub, huko Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Katika muda mfupi ule uongozi wa hifadhi ulihamia pwani ya magharibi, ilhali pwani ya mashariki ilikuwa na maandishi ambayo hayakuwahi kuvuka. Ikawa kila pwani ina habari ambazo ya pili haina. Wenyewe walichagua kulinda data kuliko kuharakisha huduma, na huduma zilidhoofika kwa saa 24 na dakika 11. Sekunde 43 za kutengana zilidai siku nzima na zaidi ya kusuluhisha. Nami nilidai suluhu ya siku tisa ipatikane kwa dakika moja; sembuse nisipate hasara?

Wengine huchagua kusema. Wataalamu wa Amazon walieleza mwaka 2007 hifadhi yao iitwayo Dynamo, ambayo kapu la mnunuzi lazima lipokee bidhaa hata mashine zikiwa zimetengana. Makapu mawili yakihitilafiana, huunganishwa. Ubaya wake ni kuwa kitu kilichoondolewa kapuni huweza kurudi. Wema wake ni kuwa kilichotiwa hakipotei. Waliyapima makosa mawili wakachagua dogo. Hapo nilijiona tena. Katika kazi ya kamusi, kosa la kubaki na maneno mengi kupita kiasi ni dogo; mhariri atayapunguza kesho. Kosa la kupoteza neno la mtu aliyekufa halina kesho.

Na ajabu ni kuwa nililijua hilo tangu ujana wangu. Mhakiki wa hati akikuta ubeti umeandikwa kwa namna mbili, haichomi hati moja kwa sababu ya pili ni mpya zaidi. Huziweka pamoja, namna moja juu na ya pili chini, na msomaji huachiwa nafasi ya kuhukumu. Mara nyingi hati iliyo changa ndiyo iliyonakiliwa kutoka kwa mama aliye mwema, na hati kongwe ndiyo iliyotoka katika mkono wa mvivu. Kanuni hii nimeifundisha miaka mingi. Ningalimfelisha mwanafunzi ambaye angaliandika kuwa hati mpya yafuta kuukuu. Lakini sheria ile ile ilipokuja ndani ya mashine, ikiwa kimya, ya haraka na isiyo na sura ya mtu, niliipokea bila ya kuihoji. Nilidhani kuwa kompyuta imeondoa tatizo la mnakili. Kumbe imemwongezea kasi tu.

Sasa tuna mashine tatu. Ya tatu ni ndogo, nayo imewekwa juu ya ile rafu ya vitabu niliyoinunua kwa fedha yake. Namba za vidahizo hutolewa kwa akidi. Kisiwa kikikatiwa njia hakitoi namba mpya, na msaidizi huandika rasimu yake na kungoja. Maelezo ya maneno, kwa upande wake, huandikwa popote wakati wowote, wala hakuna toleo linalofutwa. Hitilafu ikitokea, programu huleta matoleo yote mawili pamoja na majina ya walioandika, na watu wawili hukaa kuyasoma. Kazi imekuwa ya polepole zaidi. Vijana hunung'unika, nami huwasikiliza, kisha huwaonyesha orodha ya vidahizo 37.

Enyi wanafunzi wa lugha, msidhani kuwa mambo haya ni ya mafundi wa waya peke yao. Kila siku mnawekeza maandishi yenu katika mashine msizoziona, na mnaambiwa kuwa nakala zipo na kuwa zote ni sawa. Ulizeni: zimekuwa sawa kwa njia gani? Usawa waweza kupatikana kwa kukubaliana, na waweza kupatikana kwa mmoja kunyamazishwa. Kwa nje haya mawili hufanana. Asiyeuliza hatajua lipi limempata mpaka siku atakapolitafuta neno lake.

Mwaka jana nilirudi kisiwani. Mwana mkubwa wa marehemu naye ni fundi, alinikaribisha katika banda lile lile, nikamsomea vidahizo vilivyoharibika. Kwa msaada wake na wa nduguze tulipata 9 zaidi, ingawa naye alisema kuwa babake angaliyasema kwa utaratibu bora. Nilipofika katika henza aliinua mkono. "Baba alisema sivyo," akasema. Nilimwuliza alisemaje. Alifikiri kwa muda mrefu, akatazama mbao, akatazama bahari, kisha akasema kuwa hakumbuki. Anakumbuka tu kwamba hakuwa radhi na maneno yale. Tuliandika vivyo hivyo chini ya kidahizo: fundi alisahihisha, sahihisho limepotea. Vimesalia vidahizo 17 vyenye maneno hayo. Katika kila kimoja koma ziko mahali pake.